Maganda mchanganyiko ya .308: uyatenge kwa mhuri, kwa mizani, kwa maji, au ununue mapya yaishe?

Binamu yangu wa Dallas kanitumia picha ya ndoo. Ile ndoo ya rangi ya galoni tano, imejaa maganda matupu ya risasi za bunduki ya saizi ya .308 mpaka juu, kayapata kwa bei ya kutupa toka kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga karakana yake, na chini ya picha kaandika, "Kaka, haya yote si .308? Wikiendi naanza kupakia." Nikampigia saa hiyohiyo. Nikamwambia mdogo wangu, usitie baruti hata ganda moja kabla hatujaongea, hiyo ndoo ni kama abiria wa daladala, wamekaa pamoja lakini kila mtu katoka kwake.

Mimi niko Missouri, upande wa Kansas City, napakia risasi zangu mwenyewe mwaka wa saba sasa, yaani ganda lililokwishapigwa nalitia fataki mpya (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa kipya, za kuwindia kulungu mwezi wa kumi na moja na za kulenga shabaha miezi mingine. Huku ni kitu cha kawaida kabisa, presi (mashine ya kubania) na kalibu (chuma cha kurudishia ganda saizi yake) zinauzwa duka lilelile la ndoano za samaki. Walio nyumbani msije mkaingia matatani kwa ajili yangu, Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977 na kila nchi ina sheria zake za silaha na baruti, haya ni ya huku yanakoruhusiwa. Na vipimo vya baruti sitaji hata kimoja, hivyo unatoa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa vya risasi, unaanza na kile cha chini, basi.

Sasa swali la binamu ndilo swali la kila anayeanza: maganda yanatofautiana, ufanyeje? Njia ziko kama tano na watu wanabishana utadhani Simba na Yanga. Nimezipitia zote, nyingine zimenila hela na Jumamosi zangu bure. Niseme mapema nilikosimama ili usije ukanilaumu mwishoni: kutenga kwa mhuri, yaani maandishi ya kiwanda yaliyogongwa kitakoni, pamoja na kujua ganda limepigwa mara ngapi kunakupa karibu faida yote, mizani inasifiwa kuliko inavyostahili, na ukitaka zaidi ya hapo ni heri ununue maganda mazuri ya kundi moja kuliko kununua vyombo vya kurekebisha mabaya.

Kwanza ujue kinachotofautiana ni nini

Ganda ni shaba nyeupe, asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, na hapo viwanda vyote vinakaribiana. Nje nako yanafanana maana yote lazima yaingie kwenye chemba ileile, pale ganda linapokaa ndani ya bunduki. Tofauti imejificha ndani. Kiwanda hiki kinaacha kuta nene na kitako kizito, kile kinafanya chembamba, sasa kuta zikiwa nene nafasi ya ndani inapungua, na baruti ileile ikiungulia kwenye nafasi finyu presha inapanda.

Mfano nilionao mezani. Maganda yangu ya Winchester yanasoma kwenye mizani kati ya greni 157 na 162 (greni ni kipimo kidogo cha uzito, ndicho tunachotumia kwenye kazi hii). Ya LC, yaani ya jeshi, 177 hadi 182. Ya Lapua yamekaa 171 hadi 173 na hayatoki hapo. Shaba nyeupe ni nzito kuliko maji kama mara nane na nusu, kwa hiyo greni 20 za shaba zilizozidi ndani zinakula nafasi ya maji greni mbili na ushee. Ganda jepesi la .308 linabeba maji kama greni 56, ukitoa mbili na kitu hapo siyo mchezo, hasa kama ulikuwa tayari umekaribia kikomo cha juu. .308 yenyewe kikomo chake kwa viwango vya Marekani ni psi 62,000 (pauni kwa inchi ya mraba), hapo juu hapana mahali pa kuzubaa.

Nalijua hilo kwa kichwa changu mwenyewe, siyo kwa kusoma. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na kipimo kizuri sana nilichokitafuta polepole na maganda ya Winchester, bunduki ilikuwa inakipenda, nikaishiwa maganda siku mbili kabla ya kwenda renji, uwanja wa shabaha, nikachukua LC niliyokuwa nayo kwenye boksi, nikatia baruti ileile, fataki zilezile, kichwa kilekile. Nikajiambia ganda ni ganda. Risasi ya kwanza bolti, lile komeo la bunduki, ikawa nzito kidogo, nikasema labda uchafu. Ya pili nikainua mkono wa bolti haukuja. Nikapiga kwa kiganja, haukuja. Mzee wa meza ya jirani akanipa nyundo ya plastiki bila kusema neno, na lilipotoka ganda fataki ilikuwa imebapa kama imepigwa pasi, na kitakoni kuna alama inayong'aa ya duara pale shaba ilipoingia kwenye tundu la ejekta, kidude cha kurushia ganda nje. Zile kumi na nane zilizobaki nilizirudisha nyumbani nikazing'oa vichwa moja moja. Kosa langu mwenyewe, hakuna wa kumlaumu.

Kwa hiyo kuna mambo mawili hapa na watu wanayachanganya. Moja ni usalama, kutohamisha kipimo kutoka ganda jepesi kwenda zito. La pili ni kulenga vizuri, yaani matundu yasogeleane kwenye karatasi. La kwanza ni la lazima kwa kila mtu. La pili linategemea unapiga umbali gani, na mabishano yote yako huko.

Mhuri: kazi ya mchana mmoja

Geuza ganda utazame kitakoni, kuna maandishi yamegongwa. WIN, FC, R-P, Hornady, Lapua, PPU ya Serbia, S&B ya Cheki. LC ni Lake City, kiwanda cha jeshi kilichoko Independence hapa Missouri tangu 1941, mimi nikienda kazini napita karibu nacho, na mbele ya LC kuna tarakimu mbili za mwaka na mara nyingi duara lenye msalaba ndani, hiyo alama ya NATO.

Mimi natumia trei za mayai. Naweka trei sita mezani, mpira kwenye tivii, miwani ya kusomea, na taa ya pembeni siyo ya juu, maana taa ya juu inafuta maandishi yaliyochakaa, ya pembeni inaacha kivuli kwenye herufi unasoma bila shida. Ndoo kama ya binamu unaimaliza Jumapili moja. Gharama sifuri.

Ubaya wake? Mhuri haukuambii kila kitu. Kiwanda kilekile kinabadilisha mashine, maganda ya mwaka huu na ya miaka kumi iliyopita yanaweza yakawa ndugu wa baba tofauti. Kwa LC afadhali mwaka umeandikwa, hizi nyingine hazina. Na kuna mitego, WIN na WCC watu wanaviweka fungu moja kwa kuwa ni ukoo mmoja wa Winchester, wakati WCC ni la kijeshi, zito. Usiyachanganye.

Kilichopo ni kwamba ukitenga kwa mhuri umeshaondoa ile tofauti ya greni 20. Inayobaki ndani ya fungu moja ni ya greni tatu nne. Yaani njia ya bure imebeba mzigo wote mkubwa, zilizobaki zinagombania makombo.

Ukiwa kwenye mhuri humohumo angalia mambo mengine. Chungulia ndani kwa tochi: tundu moja katikati ni Boxer, hilo linapakika. Matundu mawili madogo pembeni ni Berdan, la mtindo wa zamani wa Ulaya na majeshi mengi, weka kando, mimi nilishavunja pini ya kung'olea fataki kwa ubishi wa kutotazama, na dukani pini ilikuwa imeisha nikakaa wiki mbili sina kazi. Pia angalia kishimo cha fataki kama kimebanwa pete, maganda ya jeshi hubanwa hivyo fataki isichomoke kwenye bunduki za mfululizo, hiyo pete lazima uikwangue au uisukume kwa kifaa chake, la sivyo fataki mpya inaingia kwa kulazimishwa na inapindia. Na kuna maganda ya .308 ya fataki ndogo, Lapua wanayatoa, wanaita Palma. Ni mazuri mno kwa wapiga shabaha ila ukiyachanganya na ya fataki kubwa utashangaa kwanini fataki haiingii.

Mizani

Hapa ndipo watu wanaponichukia. Kila mtu anayenunua mizani ya dijitali anaanza kupima maganda, nami nilifanya hivyohivyo, maganda 200 ya LC ya mwaka mmoja, nikayapanga kuanzia jepesi mpaka zito, nikayagawa mafungu manne na kuandika vikaratasi. Usiku wa saa sita mke wangu anaulizia kama ni dhahabu.

Halafu nikafanya kitu ambacho wengi hawafanyi, nikachukua kumi, matano mepesi kabisa na matano mazito kabisa, nikayapima kwa maji. Tofauti ya uzito toka jepesi kabisa hadi zito kabisa ilikuwa greni 4. Kwa hesabu ya mara nane na nusu nilitegemea maji yatofautiane karibu nusu greni. Nilipata kama greni 0.2, na mpangilio haukufuatana hata kidogo, lile zito kuliko yote halikuwa lenye nafasi ndogo kuliko yote, lilikuwa la katikati huko. Kumbe uzito mwingine hauko ukutani, uko nje: ukingo wa kitako ukiwa mpana kidogo, ule mfereji wa ekstrakta (ndoano inayovuta ganda kutoka kwenye chemba) ukiwa haujachongwa sana, unapata greni kadhaa ambazo baruti haizioni kabisa. Mizani haijui uzito umekaa wapi.

Tena mizani yenyewe, hizi za bei ya kawaida, ni za kubembeleza. Yangu ilikuwa inacheza 0.3 huku na huku nikadhani mbovu, kumbe tundu la hewa ya kiyoyozi liko juu ya meza.

Lakini siyo kwamba ni takataka. Kuna kazi mbili mizani inazifanya vizuri. Ya kwanza ni kukamata mgeni: kwenye fungu la 172 ukaona moja linasoma 161, hilo litoe, ama ni chapa nyingine mhuri umefutika ama lina kasoro. Ya pili ni kulinganisha chapa na chapa, hapo tofauti ni kubwa kiasi kwamba ukingo na mfereji haviwezi kuficha. Ila kukaa unatenga maganda ya kundi moja kwa nusu greni nusu greni, hapana, hiyo ni kazi ya kujifurahisha.

Maji

Hii ndiyo inayopima kitu chenyewe, nafasi ya ndani. Hakuna ubishi kwenye ukweli wake, ubishi uko kwenye uvumilivu wako.

Ufanye hivi. Ganda liwe limepigwa kwenye bunduki yako mwenyewe na usilipitishe kwenye kalibu ya kusaizi, maana unataka lile umbo la chemba yako. Fataki iliyokwisha kupigwa iache palepale, ndiyo kizibo. Yawe yamekatwa urefu mmoja, .308 mwisho ni inchi 2.015 na kawaida tunakata 2.005. Pima likiwa kavu. Jaza maji kwa sirinji, maji uliyotia tone moja la sabuni ya vyombo ili yasifanye kilima mdomoni, gonga ukutani kwa kucha mapovu yapande, mdomo uwe sawa kabisa, siyo bonde siyo kichuguu. Pima tena, toa. Likichuruzika nje hata kidogo kausha uanze upya.

Kumi zinakula saa nzima. Mia mbili usinitanie. Ndiyo maana mimi siitumii kutenga, naitumia kama sampuli, nikipata fungu jipya napima matano ya huko na matano ya fungu la zamani, nikiona wastani umepishana kwa greni nzima najua kipimo changu cha baruti hakihami, narudi chini naanza upya. Ukiona ni karibu sawa bado unarudi chini kidogo, lakini roho imetulia.

Kwa mtu wa hesabu, mizani na maji pamoja ndiyo dawa: mizani ya haraka ikuambie chapa hii na hii ni tofauti, maji matano matano yakuambie kwa kiasi gani.

Shingo, ambayo ndiyo watu wanaisahau

Ukiuliza ni tofauti gani inayoonekana kwenye karatasi kwa bunduki ya kawaida ya dukani, mimi ningesema shingo kabla ya nafasi ya ndani. Shingo ndiyo inayoshika kichwa cha risasi. Hii ikishika sana na ile ikashika kidogo, presha ya mwanzo inapishana na mwendo unapishana. Na sababu za kupishana ni mbili, unene na ugumu.

Unene unaupima kwa maikromita yenye kichwa cha mviringo, upande huu unakuta sehemu 13 za elfu moja ya inchi, upande wa pili sehemu 15, shingo imepinda na kichwa kinakaa upande. Dawa yake ni kuchonga shingo, kuna kifaa cha mkono cha kuzungushia ganda, na kinafanya kazi. Nilichonga maganda hamsini. Vidole viliuma siku tatu. Matundu kwenye karatasi yalisogea? Kidogo, ila bunduki yangu ina chemba ya kiwandani iliyo pana, sasa ukipunguza shingo unazidisha ule upana, shingo inatanuka zaidi kila risasi na kalibu inaibana zaidi kila mara, inapasuka mapema. Wanaochonga kwa faida ya kweli ni wale wenye mtutu uliotengenezwa na chemba finyu kwa makusudi, wale wa benchresti, wanaoshindana kwa kupigia juu ya meza, na wenzao. Wewe na kulungu wako wa yadi 150 wala usihangaike.

Ugumu ni jambo lingine, na hili ndilo linalofanya "mara ngapi limepigwa" iwe muhimu kama mhuri. Shaba nyeupe kila ikitanuka na kubanwa inazidi kuwa ngumu, kama waya unaoukunja na kuukunjua. Ganda lililopigwa mara moja na lililopigwa mara sita, hata kama ni mapacha wa kiwanda kimoja, yanatoka kwenye kalibu na vipimo tofauti maana lile gumu linarudi nyuma kidogo baada ya kubanwa, yaani bega (pale mwili unapobana kuelekea shingo) halikai pale ulipoliweka na shingo haishiki vilevile. Hapo watu wanalainisha kwa moto, shingo na bega tu, sekunde chache juu ya mwali wa gesi huku ganda linazunguka kwenye drili, na mashine zipo kwa mwenye hela. Kitako usikipashe moto kamwe. Kitako kikilainika hakuna kitakachozuia gesi isije usoni kwako, na hakuna namna ya kukirudisha kuwa kigumu tena.

Mimi nalainisha kila baada ya kupiga mara tatu, na kati ya vyote nilivyojaribu baada ya mhuri, hiki ndicho kilichonipa tofauti ninayoweza kuihisi mkononi: ukisukuma kichwa kwenye shingo kwa presi, mkono unahisi uzito uleule, ganda baada ya ganda. Kabla ya hapo kulikuwa na moja linateleza, la pili linakwaruza, la tatu linagoma.

Au ununue mapya?

Lapua ya Finland, bei zaidi ya dola 100 kwa maganda 100, wakati mwingine zaidi sana. Peterson na ADG, wote wa Pennsylvania, wako huko huko juu. Starline wako Sedalia hapa hapa Missouri na bei yao ina huruma, kwa mwindaji nadhani ndipo pa kuanzia. LC iliyokwishapigwa ni ya senti.

Watu wanaona dola 100 wanaguna. Haya tupige hesabu ya mbongo. Maikromita ya shingo, kifaa cha kuchongea, kifaa cha kusukumia pete ya jeshi, Jumamosi nne, na mwisho wa yote una maganda ya jeshi yaliyopigwa kwenye bunduki ambayo huijui. Upande wa pili una maganda 100 ya kundi moja, uzito hauachani greni mbili, shingo imesawazika, tundu la moto linalopitisha mwali wa fataki limetobolewa safi, na ukiyatunza, usiyapige kwa presha ya kikomo, unayapakia mara kumi au zaidi. Mia kwa kumi ni risasi elfu. Ganda linakuwa senti kumi kwa risasi. Kichwa cha risasi peke yake kinazidi hapo mara kadhaa.

Mimi hili lilinichukua miaka minne kulikubali kwa sababu nilishanunua vyombo, na mtu akishanunua chombo anataka kazi ya kukitumia.

Ila mapya yana faida kwa mtu asiyeyapoteza. Kama bunduki yako ni ya kujipakia yenyewe na inatupa maganda vichakani mita kumi, Lapua ni machozi. Hapo LC inafaa zaidi, kitako kigumu, kishimo cha fataki hakilegei upesi, likipotea limepotea. Kwa hiyo siyo kwamba la ghali ni bora kwa kila mtu.

Ukinibana uniulize mimi ningechagua nini: mwindaji wa bolti na boksi mbili kwa mwaka, mhuri mmoja, Winchester au Starline, usipime kitu. Mpiga shabaha wa yadi 600 kwenda mbele, kundi moja la ghali na kulainisha kwa moto, mizani ya kukamata wageni tu. Mwenye semi, yaani ile ya kujipakia yenyewe, ya kuchomea risasi za mazoezi, LC za mwaka wowote lakini zisichanganywe na nyingine, na kipimo cha baruti kianzie chini kitafutwe humohumo kwenye LC.

Ndoo ya binamu

Wiki iliyofuata akanipigia na matokeo. Fungu kubwa LC za miaka mbalimbali, likifuatiwa na FC na WIN, kisha PPU na S&B za kutosha, Berdan kama ishirini, na katikati ya hayo yote saba za 7mm-08 ambazo hata yeye alizishika mara mbili kabla ya kusoma, maana ni mtoto wa .308 huyo, mwili uleule mdomo umebanwa kidogo tu.

LC ndizo zilizonitia wasiwasi. Maganda mengi ya jeshi yanayouzwa yamepigwa kwenye bunduki za rashasha, chemba zake pana, ganda linavutwa refu na juu kidogo ya kitako ukuta unakonda. Ukilirudisha kwenye kalibu linapata umbo zuri la kudanganya, halafu risasi ya pili au ya tatu linakatika vipande viwili ndani ya chemba. Nikamwambia nyoosha klipu ya karatasi, ikunje ncha kama ndoano ndogo, ingiza ndani ikwaruze ukuta kutoka chini kupanda juu taratibu. Ukihisi bonde, kama kucha imeanguka kwenye ufa wa sahani, hilo limekwisha. Nje nako angalia pete nyembamba inayong'aa kuzunguka mwili hapohapo juu ya kitako.

Akakaa na klipu yake siku mbili, vidole vyeusi. Winchester kazihifadhi kwa ajili ya kulungu, LC zilizopona kaziweka kwa semi yake, PPU kampa rafiki. Zenye bonde, na Berdan, na zile saba, kaponda midomo yote kwa koleo kabla ya kuzipeleka kwa wanunua vyuma chakavu, moja moja, ili asije mtu mwingine akazikuta kwenye ndoo na kutuma picha.